Ndama wa pofu aliyevalishwa ngozi ya mwenzake: mimi ndiye niliyekuwa zamu

Jumamosi, tarehe 19 Aprili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa mbili. Baada ya hapo jua kali, nyasi zinatoa mvuke.

Wakuu, huo ni mstari wa kwanza wa ukurasa mmoja wa daftari langu la zamani. Nimeunakili kama ulivyo.

Habari za humu. Wengi wenu ni rika la wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba hata kabla hamjanisalimu. Kama yupo aliyenizidi umri humu ndani, shikamoo mkuu.

Nina jambo nimelikalia zaidi ya miaka sitini. Nitaandika nililoliona na nililolifanya. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Kumbukumbu yangu na daftari vikigombana, nitafuata daftari, maana lenyewe halijazeeka.

Mnivumilie kwa uandishi. Niliishia darasa la nne kule kwetu Nkoaranga, na simu hii naibonyeza kwa kidole kimoja.

Mwaka siuandiki. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Mwenye akili atakadiria.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye bustani ya wanyama, chini ya Mlima Meru. Msifikirie mbuga kama za sasa. Lilikuwa shamba la kahawa la Mzungu mmoja, na pembeni yake akazungushia uzio, akajenga mabanda, akaweka wanyama wa kutazamwa.

Jumapili walikuja Wazungu wa mashamba ya jirani na Wahindi wenye maduka kutoka mjini Arusha, na watoto wao na vikapu vya chakula. Sisi wenyeji tuliingia kwa mlango wa nyuma, na ndoo.

Mzungu tulimwita Bwana Filimbi, kwa sababu alivaa filimbi ya polisi shingoni. Mlio mmoja, anamtaka mpishi. Miwili, ananitaka mimi. Mitatu, wote tukimbie.

Lakini nimtendee haki. Siku mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, Bwana Filimbi alimpandisha kwenye gari lake mwenyewe akampeleka hospitali, kwenye matope, mlima wote ule. Alifika salama akajifungua salama. Hiyo ilikuwa wiki mbili tu kabla ya haya ninayoyasimulia. Naiweka hapa mapema ili msije mkasema nimemchafua mtu.

Kazi yangu ilikuwa kulisha na kuandika. Kwa kuwa nilijua kalamu, nilipewa daftari la wanyama. Lilikuwa na safu tatu: AMEINGIA, AMEZALIWA, AMEKUFA.

Mbega wawili waliingia kutoka msitu wa mlimani. Mmoja alikataa kula, akahamia safu ya tatu. Kobe waliingia wanne, hao hawakunisumbua. Nungunungu aliingia Jumatatu, akachimba chini ya uzio, Jumatano hayupo. Hakukuwa na safu yake, nikaandika pembeni "ameondoka mwenyewe". Bwana alicheka siku hiyo.

Twiga mtoto aliingia kwa lori, miguu imefungwa. Alipata tumbo la kuhara, hakumaliza mwezi.

Wakuu, niseme ukweli, safu ya tatu ndiyo iliyokuwa inajaa haraka.

Twiga yule alikuwa mikononi mwa mzee Lesikar. Huyu ndiye mwenye uzi huu, mimi ni msimulizi tu.

Lesikar alikuwa Mwarusha kutoka magharibi ya mlima, mtu mzima, labda miaka arobaini na tano. Mimi nilikuwa na ishirini na tatu. Alikuwa mchungaji wa kuzaliwa. Akiingia bandani, wanyama waliacha kuzunguka. Aliishi palepale shambani na mke wake, watoto, na ng'ombe kumi na kitu. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano: anafanya kazi, ng'ombe wake wanakula nyasi za Bwana.

Kumbukeni hali ya siku zile. Ardhi nzuri ilikuwa ya mashamba ya Wazungu. Watu wetu wengine upande wa kaskazini ya mlima walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa. Mtu mwenye ng'ombe akifukuzwa shambani hakuwa na pa kuwapeleka.

Twiga alipokufa, Bwana Filimbi alimwita Lesikar mbele yetu sote. Alisema kwa Kiswahili chake, polepole, ili asikosewe:

"Mwingine akifa mikononi mwako, wewe chukua ng'ombe, chukua mama, ondoka shamba yangu."

Lesikar akasema, "Nimesikia, Bwana."

Tulipotoka hapo akaniambia, "Karani, andika hiyo nayo." Alikuwa ananiita Karani kwa utani. Sikuiandika, nilidhani ni mzaha.

---

Naendelea. Nimeona maswali.

Mkuu uliyeuliza kama pofu ni nyati: hapana. Pofu ni swala mkubwa kuliko wote, mkubwa kama ng'ombe, rangi ya udongo mwekundu uliofifia, na majike nao wana pembe. Ana ukoo wa ng'ombe hasa ukimtazama shingoni.

Tulikuwa na pofu jike mmoja. Lesikar alimlea tangu akiwa mdogo, akampa jina la kwao, Namelok. Alikuwa hamruhusu mtu mwingine kumgusa. Dume alikopwa kutoka shamba jingine, na Namelok akashika mimba.

Bwana Filimbi alifurahi kupita kiasi. Akamleta fundi Kalasinga kutoka mjini, akajenga banda jipya kabisa, nguzo za mti mgumu, na kibaraza cha wageni kusimama. Akaalika mkubwa mmoja wa serikali kutoka Dar es Salaam, na mkewe. Jumamosi tarehe 19 waje wafungue banda, wamwone pofu na mtoto.

Namelok alizaa Jumapili tarehe 13, asubuhi, watu wakiwa kanisani. Ndama dume. Niliandika kwa wino mwekundu kwenye safu ya AMEZALIWA. Jumatatu Bwana akaondoka kwenda kumpokea mgeni wake. Akatuambia atarudi Ijumaa.

Jumanne asubuhi ndama alikuwa amekufa.

Mvua ilikuwa ya baridi siku mbili mfululizo na alikuwa dhaifu tangu mwanzo, hakusimama vizuri. Sijui zaidi ya hapo. Namelok alikuwa amesimama juu yake, anamramba, anamsukuma kwa pua.

Lesikar alichuchumaa kwenye uzio muda mrefu. Wote wawili tulikuwa tunahesabu kitu kimoja: Bwana Ijumaa, mgeni Jumamosi.

Basi wakuu, saa sita siku ileile, lori la watega wanyama likaingia. Limeleta pundamilia wawili. Na nyuma, juu ya majani, ndama wa pofu. Mama yake alikuwa ameuawa huko mbugani. Siku mbili anakataa chupa. Dereva alisema, "Huyu mtupe tu, hafiki kesho."

Nilimwona Lesikar anasimama.

"Karani," akasema, "lete kisu."

Sasa nieleze, maana vijana wa mjini hamjui. Kwa wafugaji, ng'ombe akifiwa na ndama, maziwa yanafunga. Kwa hiyo unachuna ngozi ya yule aliyekufa, unamvalisha ndama mwingine yatima. Mama ananusa, anasikia harufu ya mwanawe, anamkubali. Ni jambo la kawaida kabisa, limefanywa kabla ya babu zangu. Lakini kwa ng'ombe. Kwa pofu, sikuwahi kusikia, na Lesikar mwenyewe hakuwahi.

Tulichuna nyuma ya stoo.

"Shika mguu," akaniambia. "Usiushike kama kalamu. Nyie Wameru mnajua ndizi tu, ng'ombe mnaazima."

"Mzee, na Bwana akijua?"

"Bwana aliacha ndama. Atakuta ndama."

"Lakini si yule."

"Mama yake ndiye wa kusema si yule. Wewe ndiye mama yake?"

Utingo wa lori alikuwa anatutazama huku amekunja mikono, kijana wa Ngarenaro, mdomo hauna breki. "Leo nimeona! Mnyama anashonewa suti! Na tai mtamfunga?"

Lesikar hakugeuka. "Mama yako angekufunga hivi," akasema, "labda angekukubali."

Tukacheka wote, na utingo mwenyewe akacheka. Naandika hili kwa sababu ni mara ya mwisho nakumbuka tumecheka.

Alimvalisha ile ngozi mbichi kama koti, manyoya nje. Akafunga kamba nne: shingoni, kifuani, tumboni, na ya nne nyuma, chini ya mkia. Akaniambia ya nyuma ndiyo kubwa, kwa sababu mama ananusa pale mtoto akinyonya.

Namelok alinusa. Alirudi nyuma hatua mbili. Akanusa tena, chini ya mkia, hasa pale pale. Kisha akaanza kuramba.

Ndama alipiga kiwele kwa kichwa, na povu jeupe likamtoka mdomoni. Lesikar aliingia taratibu, akamtemea mate kidogo mgongoni, ndiyo baraka ya kwao. Alipotoka aliniwekea mkono begani, mkono wote unanuka damu.

---

Naendelea. Hapa ndipo panaponihusu mimi.

Jumanne hiyohiyo jioni ikaja habari kwamba kaka yake Lesikar, mkubwa wao, amefariki. Ilikuwa lazima aende. Bwana hayupo, ruhusa ataomba kwa nani? Akaniaga mimi. Jumatano asubuhi kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye banda akaninyooshea kidole kamba moja moja.

"Ngozi hii haikai. Ni nyama. Mvua na jua vitaiozesha. Leo ni siku ya pili. Kesho, siku ya tatu, jua likipanda, ingia ukate kamba tatu za mbele, toa ngozi yote, acha kipande cha mkiani tu. Kesho kutwa toa na hicho. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

Nikasema. Tatu za mbele kesho, ya nyuma kesho kutwa.

"Na kama mama akikataa?" nikauliza.

"Atakuwa ameshazoea. Maziwa yake yameshapita kwenye tumbo la mtoto, harufu ni yake. Ukichelewa ndipo utaharibu." Kisha akasema, "Siku ya tatu, Karani."

Alhamisi niliingia na kisu. Jua lilikuwa limepanda kama alivyosema. Ndama alikuwa ananyonya, mkia unatikisika, ule mkia wake mwenyewe chini ya mkia wa mwenzake. Namelok aliniona, akapuliza pua, akainamisha pembe.

Nilisimama.

Ningependa kuwaambia niliogopa pembe. Ingekuwa heshima kidogo. Lakini daftari langu la Alhamisi lina maneno haya: "Nimeacha. Ananyonya vizuri. Nikikata na akamkataa, Jumamosi hatuna ndama. Kesho." Halisemi pembe.

Nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria kwamba nikikata na ndama akakataliwa, ni mimi nimekata. Nisipokata na akaishi mpaka mgeni aondoke, hakuna aliyefanya kosa. Na nilikuwa najiambia kwamba namlinda Lesikar. Hadi leo sijui ni kwa kiasi gani nilikuwa namlinda Lesikar na kwa kiasi gani nilikuwa najilinda. Nimejaribu kugawa, haigawanyiki.

Ijumaa manyunyu, halafu joto. Harufu ilianza. Nzi walikuwa wengi. Ndama alinyonya mara moja asubuhi, halafu akalala.

Nilichukua tena kisu. Nilikuwa nimefungua mlango wa banda, mkuu, mkono uko kwenye komeo, nikasikia milio miwili ya filimbi. Bwana amerudi, saa nne, mapema kuliko tulivyomtegemea.

Alikuja hadi kibarazani, akasimama mbali kidogo. Ndama alikuwa amelala upande wa kivuli. Bwana akatabasamu.

"Mtoto mnene sana," akasema.

Alikuwa mnene kwa sababu alikuwa na ngozi mbili.

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Baada ya hapo sikuweza kukata, maana kukata kungekuwa ni kumwonyesha. Au ningeweza. Ningeweza kusema, "Bwana, samahani, kuna jambo." Maneno manne. Nilikaa nayo mdomoni mchana kutwa nikiwapelekea pundamilia maji.

Kwenye daftari la wanyama sikuwa nimeandika ndama aliyekufa, wala aliyeingia. Niliacha mstari mtupu, nikasema nitajaza baadaye.

Jumamosi ndiyo ukurasa nilioanza nao juu.

Lesikar alifika saa mbili na nusu, kwa miguu, amelowa, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Alijua kabla hajafika bandani. Nilimwona anapunguza mwendo njiani, pua imeinuka.

Alitazama kamba. Zote nne.

"Hukukata," akasema.

"Nilisema kesho, mzee. Kila siku nilisema kesho."

Alichukua kisu mkononi mwangu, akaingia.

Ya kwanza ilitoka rahisi. Ya pili ilikuwa imezama. Alipoinua ngozi upande wa mgongo, wakuu, sitaandika yote. Chini yake kulikuwa na funza, na walikuwa hawajui tofauti ya ngozi iliyokufa na ngozi iliyo hai. Ndama alikuwa analia sauti ndogo, kama mbuzi aliye mbali.

Lesikar alikuwa anaongea naye kwa Kimaasai, taratibu, anafuta kwa kiganja. Akaniambia, "Maji ya moto na chumvi. Kimbia."

Nilikimbia jikoni. Nikiwa narudi na sufuria ndipo nikasikia milio mitatu ya filimbi.

Wageni walikuwa wameshasimama kibarazani. Mkubwa, mkewe mwenye kofia ya maua, Wazungu wengine kama kumi, familia mbili za Wahindi na watoto wao. Na mbele yao, katikati ya banda jipya, Lesikar amepiga magoti, ngozi nusu iko mkononi mwake, nusu iko kwa ndama.

Watu walidhani anamchuna akiwa hai. Hata mimi ningedhani.

Yule mama mwenye kofia alipiga kelele. Kelele ile ikamshtua Namelok. Alikuja, akamnusa ndama. Alinusa kidonda, alinusa jasho la mtu, sijui alinusa nini. Akainamisha kichwa akampiga. Ndama akaruka hadi kwenye nguzo. Lesikar aliingia katikati, akapigwa yeye pajani, akaanguka. Pigo la tatu lilikuwa la ndama, na nguzo zile zilikuwa ngumu.

Haikuchukua hata dakika. Watoto wa Wahindi walifunikwa macho na mama zao.

Bwana Filimbi alisubiri hadi magari yameondoka. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa mweupe. Alituweka mimi na Lesikar mbele ya banda.

"Ngozi hii. Nani alifunga?"

Lesikar akasema, "Mimi, Bwana."

"Na wewe ulikwenda wapi siku tatu, bila ruhusa?"

Hapo nilisema. Nilisema, "Alifiwa na kaka yake, Bwana. Aliniaga mimi." Nataka iandikwe kwamba hilo nililisema. Najua ni dogo.

Akanigeukia. "Wewe ulikuwa zamu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ulifanya nini?"

"Nilimwangalia ndama, Bwana. Nilimlisha mama yake, nilibadilisha majani."

Kila neno hapo ni kweli. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, sijaupata.

Nilingoja Lesikar aseme. Alikuwa amesimama pembeni yangu, damu inamshuka mguuni. Ilikuwa sentensi moja tu: nilimwambia akate siku ya tatu. Hakuisema.

Bwana akasema, "Jumatatu, jua likizama, sitaki kuona ng'ombe yako hapa."

Kisha akaniambia nilete daftari niandike: amekufa, sababu ni ushenzi wa wachungaji. Niliandika: "Amekufa. Sababu: ngozi haikutolewa." Hakusoma. Kwenye daftari lile hadi leo, kama lipo, kuna ndama mmoja tu. Yule wa lori hakuingia, hakuzaliwa, hakufa.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda hadi kwenye veranda ya Bwana, kofia mkononi. Nilikuwa nimeshaamua. Alitoka, akaniuliza mtoto wangu anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri. Akasema vizuri, kuanzia kesho wewe ndiye mkubwa wa mabanda. Nikasema asante, Bwana.

Sikuzuiwa na mtu, wakuu. Hakunitisha, hakunikatiza. Nilishuka ngazi zile kwa miguu yangu.

Jioni ya Jumapili, jua halijazama, nilikwenda kwa Lesikar. Walikuwa wanang'oa miti ya boma. Nilimkuta anafunga vibuyu na kamba.

"Mzee," nikasema, "nataka kwenda kwa Bwana, nimwambie."

"Umwambie nini?"

"Kwamba uliniambia siku ya tatu."

Aliendelea kufunga. Akauliza, "Mkeo amejifungua lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya."

"Basi," akasema.

Na mimi nikaipokea ile "basi" kama mtu anavyopokea maji ya kunywa. Hapo ndipo ninapojihukumu zaidi kuliko Alhamisi. Alhamisi nilikosea. Jumapili nilikuwa najua.

Jumatatu waliondoka kuelekea magharibi, kupitia njia ya chini, ng'ombe mbele. Nilisikia baadaye kwamba hawakupata malisho, ng'ombe walikwisha mmoja mmoja, na Lesikar akaenda kuwa mlinzi wa duka mjini. Hilo ni la kusikia. Sikumtafuta kuhakikisha. Namelok aliita ndama wake siku tano, kisha akanyamaza.

Mimi nilikaa pale hadi Bwana alipouza shamba. Nilifanya kazi vizuri, nadhani.

Somo nililopata halina ukubwa. Ukiachiwa kazi ya mtu mwingine na siku yake, ifanye siku ile, hata kama unaona sababu nzuri ya kungoja. Sababu nzuri ndizo zinazoua. Na ukisema ukweli, angalia kama umeukata katikati.

Sasa naomba wafugaji waliomo humu, na mabwana mifugo, wanijibu swali moja ambalo sijawahi kumwuliza mtu: kama ningekata Alhamisi, pofu yule angemkubali ndama? Kuna siku nadhani angemkubali. Kuna siku nadhani angempiga vilevile, na Lesikar angefukuzwa vilevile. Msinihurumie kwenye jibu. Matusi pia napokea, nimeyangoja sana.

Naweka ukurasa wa mwisho kama ulivyo, bila kuongeza neno.

Jumatatu, tarehe 21 Aprili. Mawingu, hakuna mvua. Mama Saitoti, mke wa Lesikar, amepita mlangoni asubuhi wakati ng'ombe wako njiani. Hakuingia. Amempa mke wangu kibuyu cha maziwa mgando. Amesema mzee ametuma, ni ya mzazi, apate nguvu, na baba mtoto naye ale kwa kuwa alikesha na ndama. Sikukesha. Sikumwambia. Mke wangu amechemsha mahindi akachanganya na maziwa yale, tumekula loshoro. Nimekula sahani mbili.